Milango ya Ndani ya Nyumba ya Mama



Tunaomba radhi kwa ukimya wa majuma mawili. Hatukuwa safarini kwa starehe, wala hatukuugua. Tulikuwa nyumbani kwa mama yetu, Runzewe, tukiwa na futi kamba mkononi na vumbi la tofali kichwani, tukishughulika na milango. Hatusemi juu ya mlango mkuu, ule unaoonekana na wageni na ambao kila mwenye nyumba huugharimia kuliko uwezo wake. Tunasema juu ya milango ya ndani: wa chumba cha kulala, wa stoo, wa choo. Hiyo ndiyo milango ambayo hakuna mtu huizungumzia mpaka siku inapomzuia mmoja wa wenye nyumba.

Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba mwaka 1979, miaka michache baada ya Operesheni Vijiji, wakati Runzewe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulikuja kuzaliwa mwaka 2012, na mama hadi leo akiulizwa anakotoka hujibu kwanza Shinyanga, kisha hujisahihisha. Ni nyumba ya tofali za kuchoma, imeunganishwa kwa udongo na kupigwa lipu ya saruji, na bati lake limebadilishwa mara mbili. Milango yake ya ndani ilitengenezwa kwa mninga, nyakati ambazo mninga ulipatikana katika miombo yetu bila kuutafuta mbali. Fundi aliyeitengeneza hakutumia misumari mingi. Mbao mbili za kusimama, nne za kulala, na kila ncha ya mbao ya kulala imechongwa ulimi unaoingia katika tundu, kisha ukakazwa kwa kijiti. Katikati zimekaa paneli, nazo hazikutiwa gundi. Zimeachwa huru ndani ya mfereji ili masika zivimbe na kiangazi zisinyae bila kuupasua mlango. Tulikua tukizisikia zikilia usiku wa Julai, tukidhani ni panya.

Lazima tukiri kwamba si kila chumba kilikuwa na mlango. Chumba cha wazazi kilikuwa nao, na stoo pia. Vyumba vya watoto vilikuwa na fremu tu na pazia, kama ilivyo hata sasa katika nyumba nyingi. Pazia lile lilikuwa na sheria zake. Ukilikuta limefungwa fundo, ingia. Likiwa limeachwa chini, bisha hodi, ingawa hakuna ubao wa kugonga, unagonga kwa mdomo. Nyumba ya namna hiyo haina siri ndefu. Kikohozi cha mmoja ni cha wote.

Sasa dunia imebadilika, na katika ukanda wetu imebadilika kwa dhahabu. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wakizidi kufukua kila kilima, fedha imekuwa ikiingia na kutoka katika vijiji vyetu kama maji ya korongo. Wanaopata hujenga. Wanaojenga huweka marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, na milango ya dukani yenye rangi ya kahawa na vitasa vinavyong'aa kama meno ya dhahabu. Hatuwacheki. Mtu aliyelala miaka kumi katika kibanda cha turubai ana haki ya kutamani chumba chenye ufunguo.

Kaka yetu mkubwa ni mfanyabiashara, na moyo wake ni mkubwa kuliko subira yake. Aliposikia kwamba mama atarudi kutoka hospitali, alituma lori likiwa na milango mitano ya namna hiyo. Ilishushwa uani ikiwa ndani ya maboksi, na majirani wakaja kuipapasa. Ni milango mizuri kwa macho. Ukiibisha kwa kidole inalia kama ngoma, kwa sababu ndani yake hamna ubao. Mna karatasi ngumu zilizopangwa kama masega, jambo lililowachekesha wazee wetu ambao masega wanayajua vema. Pande mbili zimefunikwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa na gundi.

Mama alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto umedhoofu, mkono kuliko mguu, na akili yake, kwa neema ya Mungu, iko kama ilivyokuwa: kali. Alirudi akiwa katika kiti cha magurudumu. Tulimsukuma kwa shangwe kupita mlango mkuu, tukapita sebuleni, tukaingia korido, na pale penye mlango wa chumba chake tukakwama.

Tulipopima tuliona aibu. Kati ya mwimo na mwimo palikuwa na sentimita 70. Kiti kina upana wa sentimita 64. Mtu akisikia hesabu hiyo atasema kinapita, na sisi tulisema hivyo. Lakini mlango ukifunguliwa wima, unene wake wenyewe pamoja na bawaba unakula sentimita nne au tano za uwazi. Mikono ya anayekisukuma kiti mwenyewe nayo inahitaji nafasi pembeni, na vidole vya mkono wa kulia wa mama, ule ulio mzima, vilikwaruzwa na fremu siku ile ile ya kwanza. Tena korido ni ya mita moja tu. Kiti hakiingii kikiwa kimenyooka, kinakata kona, na kitu kinachokata kona kinataka uwazi mpana kuliko kile kinachokwenda moja kwa moja. Chini kulikuwa na kizingiti cha saruji cha sentimita nne, alichokijenga baba kuzuia maji ya mvua na nge.

Siku tatu za mwanzo tuliung'oa mlango ule kwenye bawaba, tukatundika pazia. Kwetu ilikuwa suluhisho la haraka na, tuseme kweli, lilitupendeza. Dada yetu mdogo, ambaye ndiye anayeishi na mama, aliweza kumsikia akigeuka kitandani. Siku ya nne mama alituita sote. Alisema maneno machache, kwa maana siku hizi maneno yanamgharimu. "Wanangu, mlango wangu ufungwe. Mimi si duka."

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kaka alitaka milango yake mipya iwekwe mara moja, na fremu zake. Tulimwonyesha kwamba ni ya sentimita 80, nayo ikifunguliwa inaacha kama 75. Hakuamini kwamba hazitoshi. Fundi tuliyemwita, mzee mpole aliyejifunza useremala zamani kwa mikono na si kwa mashine, hakubishana na mtu. Alichukua tofali, akazipanga uani mistari miwili yenye nafasi ya mita moja katikati, mfano wa korido yetu, akaacha pengo upande mmoja kama mlango. Kisha akamwomba kaka akae kwenye kiti, atumie mkono mmoja tu, aingie. Kwa 75 aliangusha tofali mbili. Kwa 80 aliangusha moja. Kwa 85 aliingia bila kugusa, na watoto wa jirani wakapiga makofi. Fundi akaandika ukutani kwa penseli: uwazi 85, fremu 90. Tunawashauri wote mnaokusudia kujenga, hata kama hamna mgonjwa leo, mjaribu mchezo huo wa tofali kabla ya kununua fremu. Unagharimu nusu saa.

Basi tulihitaji mlango wa sentimita 90, na mlango wa zamani wa mama ulikuwa wa 70. Kununua mninga mpya wa mlango mzima ilikuwa gharama kubwa. Miti hiyo haikuisha kwa milango peke yake. Mashamba yaliila, mkaa uliila, na mashimo ya dhahabu nayo yanakula miti mingi kwa matimba yanayozuia kuta zisiporomoke juu ya wachimbaji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mbao ya msitu wa asili iwe na kibali, na isafiri na hati yake. Nasi tuliamua tangu mwanzo kwamba hatutanunua mbao inayopitishwa usiku. Mbao nafuu ni ile ya misonobari, nyingi ikitoka nyanda za juu kusini kama Sao Hill, lakini huku kwetu mara kwa mara huuzwa ikiwa bado mbichi. Ukiitengeneza mlango mwezi wa Machi, ifikapo Agosti imesinyaa na kupinda, na mchwa wetu huipenda kama karanga.

Fundi aliuliza kama nyumbani kuna mlango mwingine wa zamani usiohitajika. Tulitazamana. Ulikuwapo wa stoo.

Stoo ile inapakana na chumba cha mama, na tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba itageuzwa kuwa bafu na choo, ili asipelekwe tena nje usiku. Kwa hiyo mlango wake haukuwa na kazi; mninga unavumilia mengi, lakini hatukupenda uwe unarushiwa maji kila siku. Hata hivyo, hakuna mlango katika nyumba ile uliobeba mambo kama huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari, sabuni na unga vilipokuwa vya foleni, kila kitu cha thamani kililala nyuma yake, na ufunguo ulilala katika fundo la kanga ya mama. Chini, katika paneli, baba alikuwa ametoboa tundu la duara ili paka aingie kuwinda panya. Kaka yetu, akiwa na umri wa miaka minane, aligundua kwamba mkono wake unapita tundu lile na kufika kwenye gunia la karanga. Alifaidi kwa majuma kadhaa. Siku moja alipoingiza mkono, mkono mwingine ulimshika kutoka ndani, ukamshikilia kimya muda mrefu sana, kisha ukamwachia. Baba hakuwahi kulitaja jambo hilo mpaka alipokufa. Kaka alitusimulia mara ya kwanza jioni ile, akiwa amekaa juu ya boksi la mlango mpya.

Hakuna kati yetu aliyethubutu kusema ukatwe. Tulikwenda kwa mama. Yeye alitusikiliza, akatazama dirishani, akasema: "Kateni ule wa stoo. Umemaliza kazi yake." Tulitarajia majonzi, hayakuwapo. Labda tulikuwa tumeyabeba sisi kwa niaba yake.

Fundi aliufungua mlango wa stoo kiungo kwa kiungo, akipiga vijiti vitoke kwa nyuma. Mbao zake mbili za kusimama zilikuwa na upana wa sentimita kumi kila moja, na urefu sawa na mlango wa mama, kwa kuwa vyote viwili vilitoka mkono mmoja. Alizipiga randa pembeni. Chini ya weusi wa miaka arobaini na zaidi ilitoka rangi ile ya asali na harufu ambayo wengine mnaijua. Akaziunganisha, moja kulia na moja kushoto mwa mlango wa mama, kwa gundi na vigingi vya mbao kila baada ya shubiri, akazibana kwa kamba na kabari siku mbili. Sabini na kumi na kumi ikawa tisini. Mbao kavu ya miaka mingi haisinyai tena kama mbao mbichi, ndiyo maana alithubutu. Kwa fremu peke yake tulinunua mninga mpya wenye hati, na kwa sababu ya uzito akaongeza bawaba ya tatu.

Kazi ya hatari ilikuwa ukutani. Juu ya mlango wa zamani palikuwa na boriti ya mti badala ya linta ya zege, na ncha zake zilikalia tofali kidogo tu kila upande. Ungepanua uwazi bila kubadili kilicho juu, ukuta ungeshuka. Tulishuhudia nyumba moja ya jirani ikipasuka hivyo, kwa fundi aliyekuwa na haraka ya kuweka mlango wa kisasa. Sisi tulipanua upande mmoja tu, tukatoa boriti, tukamimina linta yenye nondo nne, ikikalia ukuta sentimita 20 kila upande. Kaka ndiye aliyeleta magogo ya kushikilia ukuta wakati zege likikaza. Yalikuwa matimba, kutoka kwa marafiki zake wa mashimoni. Yalikaa pale majuma mawili, na mama aliingia na kutoka chumbani akipita katikati ya magogo kama mchimbaji.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Mlango wa zamani ulifunguka ukikikinga kitanda: ukiusukuma, unaona ukuta kwanza, si aliyelala. Tuliwaza kuugeuza, ili anayefungua usiku amwone mama papo hapo. Tulidhani ni jambo la busara tupu, na nesi mmoja alituunga mkono. Mama alikataa. Alitaka mtu abishe hodi, afungue, azunguke ubawa, ndipo amwone, kama ilivyokuwa tangu 1979. Dada yetu alilia kidogo jikoni. Alisema yeye ndiye atakayekuwa nje ya mlango huo usiku, si sisi wenye kurudi mijini kwetu. Alisema kweli, na hatukuwa na jibu. Mwishowe mlango unafunguka kama zamani, ila kitasa si cha zamani. Hakina ufunguo wala kitufe cha duara cha kuzungusha. Kina mkono mrefu wa kusukuma chini, ambao hata kiwiko kinauweza. Kizingiti cha chini tumekivunja, sakafu ikawa sawa. Kando ya kitanda imetundikwa kengele ya mbuzi.

Mlango wa bafu ulikuwa rahisi zaidi kuuamua. Tulitengenezesha wa aluminiamu kwa mafundi wa mjini, wenye kioo kisichoonyesha ndani, kwa sababu mlango wa unga wa mbao ukideki sakafu kwa maji mengi kama tunavyodeki sisi, unavimba miguu ndani ya mwaka mmoja. Uwazi wake ni ule ule wa 85. Tumeufanya ufunguke kwa nje. Mtu akianguka bafuni, mwili wake mara nyingi hulala nyuma ya mlango, na mlango unaofunguka kwa ndani hauwezi kusukumwa bila kumuumiza. Kitasa chake kinafungwa kwa ndani, lakini kwa nje kina mfereji mdogo unaozungushwa kwa sarafu. Sarafu hiyo, shilingi mia moja, iko juu ya fremu. Kila mtu nyumbani anajua ilipo, na hairuhusiwi kununulia pipi.

Milango miwili ya kaka imekwenda kwenye vyumba vilivyokuwa na mapazia. Inafaa kabisa. Wajukuu wameipokea kwa furaha ambayo sisi hatukuwa nayo katika umri wao, wakajifungia ndani siku nzima ya kwanza, na funguo mbili zimekwisha kupotea. Mapazia hatukuyatoa, mchana milango inaachwa wazi na mapazia yanafanya kazi yake ya kale. Milango mitatu imebaki imeegemezwa sebuleni, na kama yupo kati yenu anayejenga na anaihitaji, iko katika maboksi. Kaka hakukasirika. Aliomba paneli lenye tundu la paka, akaondoka nalo limefungwa kwenye gazeti.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka tulisimama koridoni, watu wazima wanne, mbele ya mlango uliofungwa. Dada aligonga kwa ukucha. Hodi. Siku hizi mama huchelewa kujibu. Neno linamchukua muda kulipata. Tulisubiri, na hakuna aliyeshika mkono wa kitasa, ingawa kila mmoja wetu alikuwa anautazama. Kisha tukasikia karibu, nyembamba lakini kamili.

Fundi amebakiza kupiga msasa mara ya pili na kupaka vanishi upande wa chumbani. Mvua za kwanza zikianza kabla hajamaliza, itabidi kazi hiyo ingoje mpaka kiangazi kijacho.